Kila Mtu Anataka Kuona Mapafu Yangu

Tuanze na kikundi cha WhatsApp cha ukoo, maana huko ndiko mapafu yangu yalikolazwa. Kikundi hicho kilianzishwa kwa ajili ya michango ya misiba na harusi, na kwa kawaida hukaa kimya mpaka mtu afe au aoe. Mke wangu, kwa nia njema kabisa, aliiegemeza picha yangu ya eksrei kwenye kioo cha dirisha, akaipiga picha kwa simu, akairusha huko na maneno mawili: "Tuombeane jamani." Sijamaliza kufunga vifungo vya shati, shangazi wa Tanga ameshaona "kitu cheusi" ubavuni. Mjomba, afisa kilimo mstaafu, akaivuta picha mpaka ikawa kubwa, akazungushia duara jekundu upande wa chini kulia, akaandika kwa herufi kubwa: HAPA NDIPO PENYE TATIZO. Mama mdogo akauliza ni wa kike au wa kiume.

Duara la mjomba nililipeleka kliniki. Tabibu wa TB alilitazama kwa heshima zote, kisha akasema hiyo ni hewa ya tumboni. Mjomba alikuwa amegundua soda.

Natumia dawa za kifua kikuu. Nasema wazi, kwanza kwa sababu mtaa mzima unajua, na pili kwa sababu TB si dhambi wala si laana. Ni bakteria, aliyetangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na mpaka leo tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Kwa hiyo bakteria wangu ana siku yake ya kimataifa. Mimi sina hata ya kuzaliwa. Mama anakumbuka tu kwamba ilikuwa masika. Dawa napewa bure, nameza asubuhi kabla ya kula, idadi ya vidonge inapangwa kwa kilo zako, na mkojo unageuka rangi ya chungwa. Hiyo ni kazi ya rifampisini na haina madhara, lakini maelezo hayo niliyapata baada ya kuwa nimeshasoma dua zote ninazozijua nikiwa chooni. Yote hayo nimeyavumilia. Kisichovumilika ni picha.

Tuelewane kwanza kuhusu rangi. Kila mgeni anayekuja kunijulia hali huinyanyua picha dhidi ya mwanga, wengine wameigeuza chini juu, na huanza kuusikitikia weusi. "Pole baba, yaani yameungua yote hivi!" alisema mama mwenye nyumba, na siku hiyo hata kodi hakuitaja, ndipo nikajua ameniona marehemu. Jamani, weusi ndio uzima. Miale ya eksrei ikikutana na hewa inapita moja kwa moja, na inapofika ndipo panapokuwa peusi. Mfupa unaizuia, ndiyo maana mbavu ni nyeupe. Moyo unaizuia, maji yanaizuia, na pafu lililojaa usaha na uvimbe linaizuia vilevile. Kwenye pafu, balaa huwa jeupe. Lakini nenda kaueleze hivyo mtaa unaouza mkorogo kila kona, kwamba kuna mahali duniani weusi ndiyo afya. Wananipa pole tu.

Halafu moyo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana kibanda cha kutengeneza simu na kwa hiyo ni mtaalamu wa kila kitu chenye kioo. Alitangaza mbele ya wageni kwamba moyo wangu uko kulia. Uko kushoto, shemeji; picha husomwa ukiwa umetazamana na mgonjwa, kushoto kwangu ni kulia kwako. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa shemeji, lakini waulize tu."

Hawa wote hawajui kwamba kupigwa yenyewe ni adhabu. Unaingia chumba chenye baridi, unaambiwa vua shati, vua mkufu, vua hirizi kama unayo, hakuna atakayekuuliza ya nini. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo dada mmoja mwenye rasta ndefu, za gharama, zimelala mabegani. Kijana wa eksrei akamwambia azifunge zote juu ya kichwa. Dada akagoma: "Kwani mnapiga kichwa?" Kijana akamweleza taratibu kwamba nywele za kusuka zikilala pale hutupa kivuli juu ya ncha za mapafu, na ncha za mapafu ndiko TB ya watu wazima inakopenda kukaa, kwa kuwa bakteria wake anapenda oksijeni na huko juu ndiko anakoipata kwa wingi. Maana yake, mtu anaweza kupewa ugonjwa na msusi. Dada alizifunga haraka, tena kwa kuzikaza.

Ikaja zamu yangu. Kifua kwenye ubao, kidevu juu, mabega sukuma mbele, mikono ikumbatie ubao, ili mifupa ya mabega ijitoe njiani isiyafunike mapafu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Vuta pumzi ndani! Shikilia! Usipumue!" Ndugu yangu, kuvuta pumzi na kuishikilia ndiko kulikonileta. Ningekuwa naweza kuvuta pumzi nikaishikilia bila kukohoa, saa hizo ningekuwa Feri nanunua samaki. Na ukifanya ujanja ukavuta nusu, umejiharibia mwenyewe: pafu lisilojaa huonekana jeupejeupe upande wa chini na moyo huonekana mkubwa, msomaji akakuandikia maradhi ambayo hata hujayapata. Kwa hiyo unashikilia, machozi yanakutoka, mashine inalia, ndipo unaruhusiwa kukohoa, nawe unakohoa kwa niaba ya foleni nzima.

Wilhelm Röntgen alipoigundua miale hii mjini Würzburg mwaka 1895, picha yake iliyovuma ilikuwa ya mkono wa mkewe, mifupa na pete. Ulaya nzima ikaizungumzia picha. Sijasikia aliyeuliza mama huyo anaendeleaje.

Ripoti nayo inakuja kwa Kiingereza, ina maneno marefu kuliko pafu lenyewe. Tabibu alinikalisha, akanifafanulia. Juu ya pafu la kulia kulikuwa na mawingu, madoa meupe yasiyo na kingo za kueleweka. Huo ni ugonjwa ukiwa kazini. Ndani ya mawingu, tundu. Tundu ni mahali ambapo bakteria wameila nyama ya pafu mpaka ikalainika, ukaikohoa, pakabaki uwazi. Wenye tundu ndio hasa wenye bakteria wengi kwenye makohozi, na ndio wanaoambukiza zaidi kabla ya dawa kushika kasi. Hapo nilinyamaza kidogo, nikawakumbuka abiria wote wa daladala za Gongo la Mboto siku za mvua, madirisha yamefungwa.

Ripoti ikamalizika kwa ile sentensi ambayo nimekuja kugundua kwamba ripoti nyingi za picha humalizika nayo: ilinganishwe na hali ya mgonjwa. Yaani aliyeisoma picha anamwambia daktari amtazame mgonjwa. Daktari, mgonjwa akiwa amekaa mbele yake kwenye benchi, anasema ngoja kwanza tuiangalie picha. Nami nimekaa pale katikati, nina masikio na mdomo, hakuna anayenitazama.

Kasheshe yenyewe ilianza mwisho wa mwezi wa pili. Tiba hii ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, minne inayofuata ya dawa mbili. Mpaka mwisho wa ule mwezi wa pili nilikuwa mtu mwingine. Homa za jioni zimekwisha, jasho la usiku limekwisha, suruali niliyokuwa nimeitoboa mkanda tundu la ziada sasa haifungi. Mizani ya kliniki inanisifu kila nikipanda. Makohozi yamepimwa, hakuna kitu. Ofisini kwangu wakafurahi, ila wakataka picha mpya, "kwa kujiridhisha tu." Nikapigwa. Mawingu yamepungua kidogo. Tundu lipo. Na pembeni kumeongezeka mistari ambayo mwanzo haikuwepo.

Nyumbani ukawa msiba. Dawa hazifanyi kazi! Mama mkwe akapiga simu kutoka Mbeya: "Baba, hebu angalia hizo dawa, hazijapitwa na muda?" Shemeji akanijia na chupa ya maji meusi kutoka kwa rafiki yake, inasafisha mapafu, ini, figo na nyota, ukinywa haurudii. Mjomba akaziweka picha mbili sambamba, safari hii akatumia na mishale. Mke wangu akapendekeza nipigwe picha kila mwezi ili ukoo uweze kufuatilia.

Tabibu alicheka. Si kwa ubaya. Nadhani anazisikia hizi kila Jumatatu. Akasema mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo sana, haizidi sana ile ambayo mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa siku kumi hivi akiwa amekaa zake nyumbani. Lakini hata kidogo hupewi kwa ajili ya kuwaridhisha wakwe. Kubwa zaidi, akasema, picha huchelewa. Bakteria wanaweza kuwa wamekufa zamani, lakini uharibifu walioufanya mwili unausafisha polepole, miezi na miezi, na pengine hausafishi wote. Wapo wagonjwa ambao picha yao ya mwanzoni mwa tiba huwa mbaya kuliko ile ya kwanza, huku wenyewe wanaongezeka uzito, kwa sababu kinga iliyokuwa imezidiwa imeamka na inapigana. Hilo huonekana zaidi kwa wenye virusi vya UKIMWI walioanza ARV karibuni. Na ile mistari mipya iliyomliza mama mkwe? Makovu. Pafu linajishona. Maji ya Jangwani yakishashuka, mstari wa tope unabaki ukutani, na ukimkuta mtu mwezi wa kiangazi anaunyooshea kidole mstari ule huku anapiga yowe la mafuriko, utamuuliza anaumwa nini. Basi ukoo wangu ndio huo, umesimama ukutani.

Kwa hiyo wanakufuatiliaje? Kwa makohozi. Yalipimwa mwanzo, yanapimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, mwisho wa mwezi wa tano, na unapomaliza. Wanayatazama kwa darubini kuona kama bakteria bado wapo. Wakiwepo mwezi wa pili, wanakuchunguza zaidi, maana huenda una bakteria sugu, au vidonge umekuwa ukivitoa kafara. Wakiwepo mwezi wa tano, hapo tiba imeshindwa, mambo yanaanza upya na kwa ukali. Wasipokuwepo, na kilo zinapanda, na homa hakuna, unaendelea na dawa zako hata picha iwe imenuna.

Na hapa ndipo kero yangu kubwa ilipo. Makohozi ndiye shahidi mkuu wa kesi hii, na hakuna anayetaka hata kumtazama usoni. Picha ilipotua kikundini, maoni yalikesha. Majibu ya makohozi niliyatuma mwenyewe, karatasi yenye mhuri, imeandikwa hasi kwa kalamu ya bluu. Nikapata dole gumba moja. La mtoto wa shangazi, nadhani alikosea kubonyeza.

Tena picha unapigwa tu, umesimama. Makohozi unayatafuta. Asubuhi, umeshasukutua, unapewa kopo lenye kifuniko, unaambiwa nenda kule nje, kwenye upepo na jua, mbali na watu, uvute pumzi ndefu utoe kitu kutoka chini kabisa. Nami wakati huo nimeshapona kikohozi! Dawa zimekikausha, sasa wanakidai. Nikahangaika nyuma ya jengo, nikajipiga kifua, nikakumbuka madeni, nikapata chochote. Nikarudi. Sista akaliinua kopo kwenye mwanga, akalizungusha, akaliinamisha, akatikisa kichwa. "Haya ni mate, baba. Makohozi! Nenda karudie." Kwa sauti. Benchi zima likageuka. Mzee mmoja wa kofia ya kiua, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasinzia, aliamka akanishauri: "Kijana, inama kidogo, kisha sema haa kutoka tumboni." Nikainama, nikasema haa. Asante, mzee wangu, popote ulipo.

Viumbe pekee nchi hii wanaoyapa makohozi heshima yake ni panya buku wa Morogoro. Wapo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wamefundishwa na shirika la APOPO kunusa sampuli za wagonjwa; panya akisikia harufu ya TB anasimama kwenye tundu la sampuli na kukwaruza, na sampuli hiyo inarudiwa maabara kuthibitishwa. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Analipwa ndizi. Hajawahi kuomba kuiona picha yangu, wala hajamzungushia mtu duara.

Shemeji aliposhindwa kwa picha, akaingia mtandaoni, akatoka na hoja mpya: nipimwe tena kwa ile mashine ya GeneXpert, ndiyo ya kisasa, shemeji, hiyo darubini ni ya kizamani. Ni kweli mashine ile ni nzuri, na mwanzoni ndiyo iliyonikamata. Ndani ya saa mbili hivi inakwambia una TB au huna, na kama bakteria wako anaikataa rifampisini. Lakini yenyewe inatafuta vinasaba, na vinasaba vya bakteria aliyekufa ni vinasaba vilevile. Ukiitumia kufuatilia tiba itaendelea kukuonyesha maiti, nawe uendelee kuogopa. Ndiyo maana kwa kazi hiyo wanairudia darubini ya kizamani. Nilipomweleza hivyo alinyamaza muda mrefu, nikajua leo ameelewa. Akauliza: "Kwa hiyo shemeji, kuna maiti ndani yako?" Dakika ileile akaliandika kikundini. Shangazi wa Tanga akaanza kuulizia gharama za kisomo.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu zaidi. Kibong'oto, kule Siha chini ya Kilimanjaro, walianza kuwapokea wagonjwa wa TB mwaka 1926, enzi ambazo dawa ilikuwa hewa ya baridi, chakula na kulala; streptomaisini ilikuja kupatikana miaka ya 1940. Kisha mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mmoja wa walioujenga alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Huyu alikuwa na kila sababu ya kuzipenda picha za kifua, na bado mpango ule ukasimamishwa juu ya darubini, kopo la makohozi, dawa zinazomezwa mbele ya msimamizi, na daftari linaloonyesha nani ameanza na nani amemaliza. Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu huo miaka ya 1990 na kuusambaza duniani kwa jina la DOTS. Kwa hiyo kopo lile ninaloaibishwa nalo ni mchango wa nchi yangu kwa ulimwengu, na nataka lihesabiwe hivyo.

Nisije nikaambiwa naionea picha. Kazi zake inazo. Inamnasa mtu ambaye bado hajaanza kukohoa. Inamsaidia mtoto mdogo, ambaye makohozi huyameza. Inaonyesha maji yaliyojaa nje ya pafu, ambayo usipoyaona hujui kwa nini mtu anahema. Siku hizi zipo mashine ndogo za kubebeka zinazopelekwa mitaani, na kompyuta inaisoma picha papo hapo na kutoa alama. Shirika la Afya Duniani liliruhusu utaratibu huo mwaka 2021 kwa kuwasaka wagonjwa wenye miaka 15 na kuendelea. Kompyuta hiyo naipenda kwa jambo moja, haina ndugu. Na ikiona kivuli haikwambii unakufa, inakutuma. Unadhani inakutuma wapi? Kwenye kopo.

Sasa dawa nimemaliza. Kadi yangu imeandikwa "amepona," nimeitia plastiki. Picha ya mwisho imepigwa, na ripoti yake ni ndefu kuliko ya kwanza. Makovu juu kulia. Pafu limevutwa kidogo kuelekea juu. Utando wa pafu umekuwa mnene. Na chokaa. Kumbe mwili ukishawazingira bakteria hawa, mara nyingine huacha madini ya chokaa pale pale, yakang'aa meupe maisha yote. Sebule yangu fundi amegoma kuipaka chokaa kwa sababu ya deni, na kumbe kifua kimejipaka chenyewe, bure.

Ni hapo nilipoelewa kwamba ugomvi huu hauishi. Kovu halina mdomo wa kusema "nilishapona." Kila atakayeipiga picha hii upya ataanza moja. Ofisini kwangu wamenirudisha kliniki mara kadhaa, na kila mara karatasi ya makohozi inawekwa pembeni, picha inainuliwa, mtu anakunja uso. Binamu yangu, aliyetibiwa TB akamaliza miaka mingi iliyopita, mzima wa kubeba magunia, alitaka kwenda Oman kufanya kazi. Kwenye vipimo vya wanaokwenda nchi za Ghuba, dalili ya TB kwenye picha huhesabiwa hata kama ni ya zamani na imepoa. Akaambiwa hafai. Hakuombwa hata kutema. Waingereza angalau, kwa wanaoomba viza ndefu kutoka kwetu, picha yenye shaka wanaipeleka kwenye makohozi, asubuhi tatu, yaoteshwe maabara, majibu unayasubiri mpaka wiki 8. Inachosha, nauli ya ndege inapanda bei ukiwa unasubiri, lakini shahidi anasikilizwa.

Wenzangu mliomaliza dawa, picha ya mwisho msiitupe, wala msiwape watoto wachezee. Kama hospitali yako hawatoi filamu, omba nakala kwenye diski au wakutumie, uitunze pamoja na kadi ya tiba. Siku ukipigwa nyingine, zinawekwa pamoja: kivuli kikiwa kilekile, pale pale, hilo ni kovu, nenda kafanye kazi. Kikiwa kimekua, kimezaa wingu jipya, au wewe mwenyewe unakohoa zaidi ya wiki mbili, unapungua, unatoka jasho usiku, unatema damu, hapo usibishane na mtu, rudi kliniki na kopo lako. Aliyewahi kuugua TB anaweza kuugua tena. Na wapo wanaobaki na pumzi fupi hata baada ya bakteria kwisha kabisa. Mimi nikipanda daraja la waenda kwa miguu la Manzese husimama katikati, nikajifanya natazama magari. Hiyo pia inastahili daktari aisikilize, hata kama makohozi ni hasi.

Nanyi mnaosoma picha na kuandika ripoti, shikamooni. Najua picha moja peke yake haiwezi kuwaambia kwamba mtu amepona, na sitaki muandike msichokiona. Lakini mtu akija na picha ya zamani mkononi, kadi ya tiba iliyokamilika na majibu ya makohozi yasiyo na bakteria, tafadhali, chini ya yale maneno marefu, ongezeni mstari mmoja wa Kiswahili kwa mwandiko unaosomeka: "Haya ni makovu ya TB iliyotibiwa, hayajabadilika tangu picha iliyopita." Kuna watu wamekosa ajira kwa kukosa mstari huo.